Kabati la Safari

Shangazi hakuwa mtu. Inspekta alilazimika kuliandika hilo mwanzoni kabisa mwa maelezo yake, maana tangu asubuhi kila aliyemhoji alimwambia kwamba Shangazi anavuja, kwamba Shangazi amekohoa wiki nzima, na kwamba mzee wa nyumba amekutwa kazimia tumboni mwa Shangazi. Lilikuwa gari. Gari pana, kuukuu, lenye nyumba ndani yake: vitanda viwili, jiko la gesi, sinki, meza ya kukunja, na choo ambacho hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kukiamini. Familia ililibatiza jina hilo kwa sababu lilikuja kwa kelele, likafika likakaa, na kila siku lina ugonjwa mpya.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jana mchana, mvua ikinyesha, mzee aliingia ndani ya Shangazi kulala kidogo kama kawaida yake. Alikuwa dereva wa treni kabla ya kustaafu, na watu walikuwa bado wanamwita Dereva. Alifunga madirisha yote kwa sababu ya mvua. Mkwe wake, fundi magari ambaye mtaa mzima unamwita Spana, alipita kuleta taa ya nyuma aliyokuwa ameitengeneza. Alipofika mlangoni akanusa gesi. Alivunja mlango, akamtoa mzee mgongoni hadi barabarani, akasimamisha gari la kwanza lililopita. Dereva alikuwa hospitali sasa, hai, macho wazi, ila tangu azinduke hakuwa amemwambia mtu hata neno moja.

Jana hiyohiyo, kabla jua halijazama, mwanawe mkubwa alikuwa ameshafika kituoni kumshitaki shemeji yake.

Mwana huyu alifanya kazi ya bima, na watu walimwita Bima. Kwa mtu kama yeye hakuna ajali, kuna wenye makosa tu ambao hawajapatikana. Alikuwa na hoja mbili, na alizipanga mezani kwa Inspekta kama mtu anayepanga karata. Kwanza, Spana aliapa mbele ya familia nzima kwamba amebadilisha mpira wa gesi, ule unaotoka kwenye mtungi kwenda kwenye jiko. Mpira uliokutwa ulikuwa wa zamani, umepasuka. Pili, tundu lililo sakafuni chini ya jiko, lililotobolewa makusudi ili gesi ikivuja ishuke na kutoka nje, lilikuwa limezibwa kwa kitambaa cha ovaroli ya buluu. Ovaroli ya Spana.

"Na sababu?" Inspekta aliuliza.

"Anautaka ule uwanja, afande. Gereji yake ni finyu. Ameshamwomba Baba mara ngapi aliondoe lile gari?"

Spana mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo tangu kulipokucha. Inspekta alimhoji hapo, na mahojiano yale yalimkera kama punje ya mchanga katika kiatu.

"Ulifunga mpira mpya?"

"Nilifunga."

"Mbona uliopo ni wa zamani?"

Spana alisugua doa la grisi kiganjani.

"Nani aliutoa?"

"Sijui, afande." Alisema hivyo akitazama viatu vyake. Inspekta alikuwa amefanya kazi hii muda wa kutosha kumjua mtu anayesema sijui huku anajua.

Mkuu wa kituo alitaka jibu kabla ofisi hazijafungwa: Spana afunguliwe mashtaka, au aende zake. Lakini hata kabla ya jibu hilo, wateja wawili walikuwa wameshakwenda gereji kuchukua magari yao, kimyakimya, bila kuaga. Fundi anayesemwa kwamba alimchezea baba mkwe wake gesi, nani atampa breki azishike? Inspekta aliliona hilo wazi. Alikuwa na muda mfupi, na jina la mtu lilikuwa mkononi mwake.

Basi akaenda kumhoji Shangazi.

"Kanyaga upande wa kulia," mke wa Dereva alimwelekeza mlangoni. "Huo mwingine umelegea, unaweza kukuangusha." Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na watoto wa mtaa mzima walimwita Mama kwa sababu wengi wao walizaliwa mikononi mwake. Bima aliwafuata nyuma, ameshika simu kama mtu anayetaka kupiga picha kila kitu.

Ndani kulinukia sabuni na mbao za zamani, na gesi kwa mbali. Inspekta alisimama akatazama. Alikuwa ametarajia kukuta uchafu, lakini mapazia yalishonwa kwa mkono na kupigwa pasi. Mahali ambapo paa lilikuwa limewahi kuvuja, mtu alikuwa amebandika ubao mpya na kuupaka rangi ileile ya zamani, kwa uangalifu hivi kwamba ilibidi uupapase ndipo uugundue. Komeo za milango ya makabati zilitiwa mafuta. Hata chujio la sinki lilisuguliwa likang'aa. Gari lile lilipendwa, hilo halikuhitaji upelelezi.

"Hiki hapa," Bima alisema, akapiga magoti na kunyoosha kidole chini ya jiko. "Sijakigusa. Buluu hiyo. Nani mwingine katika familia hii huvaa buluu hiyo?"

"Hicho nimekiweka mimi," Mama alisema.

Bima aligeuka polepole. "Mama!"

"Mama nini? Upepo unapanda pale unampiga baba yako miguuni. Na yeye tangu ujana ana miguu ya baridi. Nikachukua tambara kapuni, nikaziba. Kosa langu ni nini?"

Inspekta angeweza kuipitisha hiyo kwa ulaini. Akaona mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa anastahili kuambiwa kitu kama kilivyo.

"Mama, gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka chini. Tundu lile ni njia yake ya kutoka. Likizibwa, inajaa humu kama maji kwenye beseni, na mtu akiwa amelala, ndiyo anayoivuta."

Mama alikaa kitandani. Mikono yake mikubwa ilikaa mapajani bila kazi. "Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Tundu peke yake halimdhuru mtu. Lazima kwanza gesi ivuje."

"Lakini ikivuja, ingetokea pale."

"Ingetokea pale, ndiyo."

Mama aliinamisha kichwa, mara moja, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima kabla ya kuubeba. Hoja moja ya Bima ilikuwa imemfia mikononi, na aliyeiua ni mamaye.

Ilibaki ya mpira.

Inspekta alijipinda chini ya jiko na tochi. Mpira ulikuwa mkuukuu kweli, umekakamaa, na ulipopindika ulikuwa na ufa mrefu wa kuingiza ukucha. Lakini hakuutazama sana. Alitazama klipu, ile pete ya chuma inayoubana mpira kwenye bomba. Skrubu yake ilikuwa imekwaruzwa upya, chuma kikionekana cheupe, na mfereji wake umetafunwa. Aliyeifunga alitumia kitu chembamba na kisicho na nguvu, kikawa kinateleza na kurudi, kinateleza na kurudi.

Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amepita gereji ya Spana. Kila chombo kilitundikwa ukutani, na nyuma yake kimechorwa umbo lake kwa rangi, ili kikitoka mahali pake pabaki panalalamika. Mtu wa namna ile hatafuni skrubu.

Alifungua droo ya vijiko. Kisu cha kupakia siagi kilikuwa na ncha iliyopinda.

"Hiki cha nani?"

"Cha mzee," Mama alijibu. "Anafungulia kila kitu. Anasema bisibisi hupotea, kisu hakipotei."

"Hiyo haithibitishi kitu," Bima alisema, ila sauti yake ilikuwa imeshuka ngazi moja.

"Haithibitishi," Inspekta alikubali. Akalegeza klipu, akauvuta mpira, akamulika mwisho wa bomba. Bomba lilikuwa limeshika moshi na mafuta ya mapishi ya miaka, isipokuwa sehemu moja, mkanda safi unaong'aa, mpana kuliko klipu aliyoitoa. "Njoo uone, Bwana Bima. Hapa palikuwa na klipu nyingine, pana zaidi, na si zamani. Ingekuwa zamani, moshi ungeshapashika. Shemeji yako hakudanganya. Mpira mpya ulikuwepo. Mtu aliutoa, akarudisha ule wa zamani, kwa kisu cha siagi."

Inspekta alitoka chini ya jiko, akajipangusa magoti, akaenda mbele kwenye kiti cha dereva, si kwa sababu ya kutafuta kitu bali kufikiri, maana alifikiri vizuri akiwa ameketi. Mbele yake kilikuwa kioo kikubwa. Na juu ya kioo, wipa mbili zilizochakaa, raba zake zikining'inia vipande vipande.

"Hizi nazo?" aliuliza kwa sauti. "Fundi mzima katika familia, na wipa zimekuwa matambara?"

"Alizibadilisha," Mama alisema kutoka nyuma. "Kabla ya mvua kuanza. Tena si mara moja."

"Ziko wapi hizo mpya?"

"Mzee kazitunza."

"Kazitunza wapi?"

Mama alinyoosha kidevu kuelekea kabati refu lililo juu ya kitanda, ambalo peke yake ndani ya gari lile lilikuwa na kufuli. "Kwenye kabati la safari."

"Ndiyo nini hiyo?"

Mama alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza kwa nini watu huoga. "Ni vitu vya safari, mwanangu. Vitu vipya. Haviguswi mpaka siku tutakayoondoka."

"Mnaondoka lini?"

Mama na Bima walitazamana.

"Tukiwa tayari," Mama alisema.

Ufunguo ulitundikwa kwenye msumari juu ya mlango, pamoja na ule wa gari. Inspekta alifungua kufuli, akainua mlango wa kabati. Mlikuwa na mashuka bado yamo kwenye nailoni yake. Vikombe vya udongo vimefungwa kwa magazeti, kimoja kimoja. Birika ndani ya boksi lake. Tochi. Taulo mbili zenye karatasi ya dukani. Kisha upande wa pili, vimepangwa kwa adabu ileile: wipa, jozi baada ya jozi; mkanda wa feni; pampu ya maji ya sinki; balbu za taa za mbele. Na pembeni, mpira wa gesi wa rangi ya chungwa, umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi, klipu zake pana mbili zimo ndani ya mfuko mdogo.

Inspekta alicheka. Halafu akakumbuka mtu aliyekaa kwenye benchi kituoni, akaacha kucheka.

"Yaani kila kipya alichokifunga shemeji..." Bima hakumaliza.

"Tusimsemee mtu," Inspekta alisema, akautia mpira mkobani. "Twende kwa mwenye kabati." Akapiga simu kituoni. "Mleteni Spana hospitali. Ndiyo, sasa hivi. Pingu za nini? Mpeni kiti cha mbele."

Daktari alikutana nao ukumbini. Mzee anaweza kuongea, alisema, koo lake halina tatizo lolote. Hataki tu. Inspekta aliwaomba Mama na Bima wasubiri nje, akaingia peke yake na kuvuta kiti karibu na kitanda. Dereva alikuwa mrefu kuliko kitanda. Miguu ilichungulia mwishoni. Alitazama dari.

"Pole, Mzee."

Inspekta alitoa mpira wa rangi ya chungwa, akauweka juu ya shuka. Dereva alishusha macho, akautazama, akayarudisha darini.

"Umefungua kabati langu," alisema.

"Nimefungua."

"Vikombe viko juu juu. Hukuvunja?"

"Sikuvunja."

Alipumua. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu arudi duniani, na yalikuwa ya vikombe.

"Kwa nini uliutoa, Mzee?"

"Ulikuwa mpya." Alisema hivyo kwa mshangao wa kweli, kwamba jambo la wazi namna hii linaulizwa. "Gari limesimama uani. Niuchakaze kwa kuchemshia chai? Halafu siku ya safari tuondoke na mpira mkuukuu? Hapana. Ule wa zamani ulikuwa bado una maisha."

"Haukuwa na maisha. Ulikaribia kuchukua ya kwako."

Inspekta alitaka kuwa mkali, na ukali haukumjia. Nyumbani kwake mwenyewe kulikuwa na kabati la kioo lenye sahani ambazo wanawe hawajawahi kulia chakula hata siku moja. Za wageni. Wageni gani, hakuwahi kujiuliza.

"Mkweo ameketi kituoni tangu asubuhi," alisema. "Unajua hilo?"

Dereva alifumba macho. "Nimesikia wauguzi wakiongea."

"Ukanyamaza."

"Wakijua ni mimi, watalichukua gari. Mwanangu ameshaongea na watu wa vyuma chakavu, anadhani sijui. Nilisema moyoni, watamhoji Spana, wataona hana kosa, watamwachia. Yataisha bila mtu kutajwa."

"Bila wewe."

"Bila mimi," alikubali. "Afande, maisha yangu yote nimepita reli inakotaka. Huwezi kupinda kulia kwa sababu umeona mto mzuri. Nikamwahidi mke wangu kwamba siku moja tutakwenda tunakotaka wenyewe. Ukiniondolea Shangazi, hiyo ahadi nitaibeba kwenye nini?"

Kwenye mlango kulikuwa na mtu. Spana alikuwa amefika, na Mama na Bima nyuma yake. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, kama anavyosimama mkwe mbele ya baba mkwe. Macho yake yakaangukia mpira wa rangi ya chungwa, yakaruka haraka kwenda dirishani.

Dereva alimtazama muda. "Uliuona," alisema. "Jana, uliponitoa."

"Nilifunga mtungi kwanza, Baba. Ndipo nikauona."

"Ukajua ni mimi."

"Nilijua tangu wipa, Baba."

"Na polisi wakakuuliza, na hukusema!" Inspekta alidakia, na sasa ukali ulikuja wenyewe. "Ungelala ndani! Kazi yako ingekufa!"

Spana alimgeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Ningesemaje, afande? Nisimame mbele yenu na watoto wake, niseme baba mkwe wangu anabadilisha mipira ya gesi kwa kisu cha siagi? Mzee alikuwa anapumua. Mengine niliona yanaweza kusubiri."

Dereva alijishika ukingoni mwa kitanda, akajiinua akakaa. Muuguzi angemwona angemrudisha chini, lakini hakuwepo.

"Mwanangu," alimwita Bima. "Njoo hapa, na afande aandike. Mpira niliutoa mimi, kwa mkono wangu, na huyu alinionya zaidi ya mara moja nikamwambia anapenda makuu. Amenibeba mgongoni kwenye mvua, na mimi nikamwacha akalie benchi la polisi ili nisiaibike. Wewe ulimshitaki kwa kutokujua. Mimi nilinyamaza huku najua. Mimi ndiye mwenye kosa kubwa."

"Tundu niliziba mimi," Mama alisema. "Tusigawane vibaya."

Bima akamwendea Spana, akampa mikono yote miwili. "Shemeji, nisamehe. Nilimwona Baba amelala pale nikaogopa, nikatafuta mtu wa kumbebesha."

"Mzee ni mzima," Spana alisema, akiipokea mikono ile. "Yameisha hayo."

Inspekta aliandika neno moja, ajali, akaweka nukta, na akajisikia vizuri kuliko alivyojisikia wiki nzima. "Mpira huu unafungwa leo," alisema kwa sauti ya kazi. "Tundu linazibuliwa leo."

"Nitafunga, afande," Spana alisema. "Na ufunguo wa kabati nitatembea nao mimi."

Hata Dereva alitaka kucheka, ila hakuweza. Alikuwa anamtazama mkewe, na uso wake ulikuwa umeshuka.

"Mwache mwanao alete watu wake wa vyuma chakavu," alimwambia. "Mama watoto, nimekudanganya. Kila mwaka nakwambia bado kidogo, natengeneza hiki, natunza kile. Nimekuweka uani miaka yote hiyo. Hakuna mahali nilipokupeleka."

Mama alisogea, akakaa kitandani kando yake, na godoro likaegemea upande wake. Alipozungumza, alizungumza kwa udhia mdogo, kama anayemshangaa mtu mzima kwa kukosa kuona kitu kilicho mbele ya pua yake.

"Wewe mwanamume," alisema, "kila jioni nilikuwa nafunga nyumba kwa ufunguo, nachukua mkoba wangu wa safari, navuka uani, nakuja kukaa na wewe mle. Kwani ulidhani nilikuwa nakwenda wapi?"